Nafasi Mbili Zilizoachwa Wazi: Dereva wa Mbio Anaenziwaje Akishafariki?

Pale kijiweni kwetu Nkuhungu, Dodoma, chini ya mwarobaini, pikipiki za bodaboda hupangwa kwa zamu tangu alfajiri. Tulipomzika kijana mmoja wa kijiwe hicho, wenzake walimsindikiza kwa msafara: pikipiki zaidi ya thelathini, matawi mabichi yamefungwa kwenye taa za mbele, honi mfululizo tangu hospitali hadi makaburini, na vumbi la kiangazi limetanda hata humwoni aliye mbele yako. Kesho yake asubuhi walirudi kazini, maana watoto nyumbani wanakula kwa kilichopatikana siku hiyo. Ila nafasi yake ya kuegesha, ya tatu kutoka kwenye shina la mti, haikuguswa. Hakukuwa na kikao wala tangazo. Kila aliyefika aliipita, akaegesha ya nne.

Mimi ni mpenzi wa mbio za magari tangu utotoni, na nilipoiona nafasi ile nikakumbuka picha nyingine ya nafasi iliyoachwa wazi, kule Monaco, Mei 1994. Nikaenda kumsimulia fundi wangu wa gari, mtu anayeweza kuitambua Subaru kwa kusikia mlio tu. Akasikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, kisha akaniuliza swali ambalo huwa anarudia kila tukifika hapo: "Kaka, mtu amekufa, na wenzake wanaendelea kukimbia. Hiyo ni heshima ya namna gani?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake lina matawi mengi. Mchezo wa mbio za magari una mila zake za msiba, na kwa mtu wa nje zinaweza kuonekana kama zinapingana. Dereva mmoja anawekewa kimya, mwingine anapigiwa kelele. Namba ya huyu inafungiwa kabatini milele, ya yule inarudi barabarani. Siku nyingine mbio zinasimama palepale, siku nyingine zinaendelea na damu haijakauka. Nataka kuzifumua moja moja.

Nianze na Imola, Italia. Ayrton Senna wa Brazil alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, daraja la juu kabisa la mbio za magari, mara 3, mwaka 1988, 1990 na 1991. Tarehe 1 Mei 1994, kwenye mzunguko wa 7, gari lake la timu ya Williams lilitoka kwenye kona ya Tamburello na kugonga ukuta wa zege. Akafariki jioni ile, akiwa na miaka 34. Kinachosahauliwa na wengi ni kwamba jana yake, wakati madereva wakitafuta nafasi za kuanzia, alikuwa amefariki Mwaustria Roland Ratzenberger. Huyu alikuwa mgeni. Timu yake, Simtek, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza msimu wake wa kwanza, na yeye katika maisha yake yote ya Formula 1 alikuwa amekimbia mbio moja tu, kule Japani, akamaliza wa 11. Bawa la mbele la gari lake lilivunjika akiwa kwenye mwendo mkali na gari likakataa kukata kona.

Brazil ilitangaza siku 3 za maombolezo ya kitaifa. Ndege ya abiria iliyomrudisha Senna nyumbani haikumweka kwenye sehemu ya mizigo; jeneza lake lilisafiri ndani pamoja na abiria, na lilipokaribia São Paulo ndege za kivita zikalisindikiza. Watu walijipanga barabarani kwa mamia ya maelfu. Miongoni mwa waliobeba jeneza alikuwamo Alain Prost, Mfaransa aliyekuwa mpinzani wake mkali kupita wote, waliyewahi kugongana naye kwenye mbio za kuamua ubingwa miaka miwili mfululizo, 1989 na 1990. Kwetu tunajua maana ya mtu kama huyo kushika jeneza. Ugomvi haupandi na maiti kaburini.

Siku mbili baada ya mazishi ya Senna, tarehe 7 Mei, Ratzenberger alizikwa karibu na Salzburg, kwao. Waliohudhuria walikuwa wachache mno ukilinganisha. Max Mosley, rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, hakwenda São Paulo. Alichagua Salzburg, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, kila mtu alikuwa amekwenda kwa Senna. Gerhard Berger, Mwaustria na rafiki mkubwa wa Senna, alihudhuria misiba yote miwili.

Kisha kuna jambo ambalo kila nikilisimulia koo hunikauka. Walipolichunguza gari la Senna walikuta ndani bendera ya Austria imekunjwa. Alikuwa amepanga kuipeperusha mwisho wa mbio kwa ajili ya Ratzenberger. Basi mtu wa kwanza kutaka kumuenzi marehemu wa Imola alikuwa marehemu wa pili wa Imola.

Ndiyo maana kilichofanyika Monaco wiki mbili baadaye, tarehe 15 Mei, kina uzito kwangu kuliko sanamu yoyote. Kwenye mbio za magari, nafasi za kuanzia huchorwa kwenye lami, gari lenye kasi zaidi likikaa la kwanza. Siku hiyo mstari wote wa mbele uliachwa mtupu. Nafasi moja ilichorwa bendera ya Brazil, nyingine bendera ya Austria. Magari yakaanzia nyuma yake. Bingwa mara 3 na mgeni wa mbio moja walipewa kipande cha lami chenye ukubwa uleule, ubavu kwa ubavu. Ratzenberger hakuwahi kuanzia mstari wa mbele maishani mwake.

Kusimama au kuendelea

Sasa turudi kwa fundi. Hapa Dodoma tumezoea desturi ya Bunge: mbunge akifariki wakati wa vikao, Spika huahirisha kikao, na watu wanaelewa bila kuelezwa. Kwenye msiba wa mtaani ni hivyohivyo. Jirani anayewasha redio kwa sauti siku ya mazishi ataambiwa. Imola haikufanya hivyo. Mbio zilisimamishwa, Senna akachukuliwa kwa helikopta, kisha mbio zikaanza upya na mshindi akapatikana.

Mizizi ya tabia hiyo ni mirefu. Mwaka 1955 kule Le Mans, Ufaransa, gari lililoruka katikati ya watazamaji liliua watu zaidi ya 80, na mbio za saa 24 zikaendelea hadi mwisho. Waandaaji walijitetea kwamba wangesimamisha mbio, watazamaji wangetawanyika kwa mkupuo, barabara zingejaa na magari ya wagonjwa yasingepita. Timu ya Mercedes iliondoa magari yake usiku uleule ikiwa inaongoza. Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari za aina hiyo nchini mwake. Kwa hiyo hata enzi hizo walikuwapo waliosema yatosha na waliosema twende, na sababu za wale wa twende hazikuwa zote za moyo mgumu. Nyingine zilikuwa. Mikataba ya matangazo na viingilio vya mlangoni navyo vilikuwa na sauti, na sioni haja ya kuwasitiri.

Hata hivyo umefika wakati madereva wenyewe wakaanza kuamua. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye rali, na wapenzi wa rali wa huku kwetu wanapaswa kuujua. Tarehe 18 Septemba 2005, huko Wales, gari la Peugeot la Markko Märtin liligonga mti upande wa msoma ramani wake, Michael Park, akafariki palepale. Hatua zilizobaki zikafutwa. Aliyekuwa anaongoza ni Sébastien Loeb wa Ufaransa, na ushindi ule ungempa ubingwa wa dunia siku hiyohiyo. Ili ueleweke ukubwa wa alichofanya, lazima ujue kanuni moja: kwenye rali kuna vituo vya muda, na kila gari lina dakika yake ya kuingia. Kuwahi ni kosa kama kuchelewa. Loeb akajitafutia kwa makusudi adhabu ya dakika mbili, akashuka kutoka nafasi ya kwanza, ushindi ukaenda kwa Petter Solberg wa Norway, ambaye naye hakuwa na hamu nao. Ubingwa Loeb aliuchukua Japani kwenye mashindano yaliyofuata. Hakutaka taji lake liwe na tarehe ile.

Nilipomsimulia fundi hilo alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo amekaa matanga." Sina maneno bora kuliko hayo.

Las Vegas, Marekani, tarehe 16 Oktoba 2011, madereva walikwenda mbali zaidi. Magari 15 yaligongana kwenye mzunguko wa 11 na Dan Wheldon, Mwingereza wa miaka 33 aliyekuwa ameshinda Indianapolis 500, mbio maarufu za Marekani, mara mbili, ya pili ikiwa Mei ya mwaka huohuo, akafariki. Mbio zikafutwa, mshindi hakuwapo. Madereva waliosalia wakarudi kwenye magari yao, wakaenda mizunguko 5 ya taratibu, watatu watatu kwa safu, na kwenye mnara wa matokeo, unaoonyesha namba za magari yote kwa mpangilio, ikabaki namba moja tu, 77, ya kwake. Ukiangalia vizuri utaona ni msafara wa mazishi. Tofauti na ule wetu wa Nkuhungu ni matawi na vumbi.

Kimya na kelele

Dakika moja ya kimya inajulikana kila mahali. Lakini kimya cha mbio za magari kina ladha yake, kwa sababu hutokea mahali ambapo kelele ndiyo hali ya kawaida.

Dale Earnhardt, Mmarekani aliyechukua mara 7 ubingwa wa NASCAR, ligi maarufu ya mbio za magari ya Marekani, alifariki kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, tarehe 18 Februari 2001. Gari lake lilikuwa jeusi, namba 3. Kwenye mbio zilizofuata msimu ule, ulipofika mzunguko wa 3, watangazaji wa televisheni walinyamaza, na watazamaji viwanja vizima wakasimama wakiinua vidole vitatu juu. Magari hayakusimama. Ngurumo ilikuwa palepale. Kilichotoweka ni sauti ya binadamu. Nadhani hilo ndilo lililowafanya watu walie.

Spa, Ubelgiji, tarehe 1 Septemba 2019, walifanya kinyume. Jana yake kijana Mfaransa Anthoine Hubert, miaka 22, alikuwa amefariki palepale kwenye mbio za Formula 2, daraja lililo chini ya Formula 1. Namba yake ilikuwa 19. Mzunguko wa 19 wa Formula 1 ulipofika, uwanja mzima ulisimama na kupiga makofi.

Na kwa kelele halisi, nenda kwenye pikipiki. Marco Simoncelli, Mwitaliano mwenye nywele nyingi kama msitu na mdomo uliokuwa hauishiwi vicheko, alifariki Sepang, Malaysia, tarehe 23 Oktoba 2011. Mbio zilizofuata zilikuwa Valencia, Hispania. Baba yake akaomba pasiwe na kimya, kwa kuwa mwanawe hakuwa mtu wa kimya. Waendesha pikipiki wa madaraja yote wakazunguka uwanja pamoja, pikipiki yake namba 58 ikiwa mbele imeendeshwa na bingwa wa zamani Kevin Schwantz, kisha zikapigwa fataki na kelele za kila aina. Vijana wetu wa bodaboda wanaopiga honi hadi kaburini hawakujifunza kwa Wahispania. Wanaujua wenyewe ukweli uleule, kwamba mtu aliyeishi kwa mlio wa injini anaagwa kwa mlio wa injini. Kuna wazee mtaani wanaoona ni utovu wa adabu. Mimi siwaungi mkono, ila kuhusu mwendo wa hatari na kupanda bila kofia kwenye misafara hiyo nawaunga mkono kabisa, na nitafika huko.

Namba ni mali ya nani?

Hapa ndipo watu huchanganya zaidi. Mtu husikia kwamba namba ya dereva fulani imestaafishwa, akauliza mbona ya Senna haikustaafishwa. Jibu ni la kiutawala tu. Zamani kwenye Formula 1 namba zilikuwa za timu, zikihama kila msimu kufuatana na ubingwa. Senna alifariki akiwa na namba 2, ambayo haikuwa yake kwa maana yoyote ya ndani. Kwa hiyo Williams walimkumbuka kwa njia nyingine: waliweka alama ndogo ya herufi S ya Senna kwenye magari yao, ikakaa msimu baada ya msimu, hadi gari la mwaka 2022 lilipotoka bila hiyo alama.

Mwaka 2014 utaratibu ukabadilika na kila dereva akachagua namba yake ya kudumu. Mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, Jules Bianchi wa Ufaransa alipata ajali Suzuka, Japani. Akakaa katika kukosa fahamu kwa miezi 9 na kufariki tarehe 17 Julai 2015. Namba yake, 17, ikawa ya kwanza kustaafishwa katika Formula 1. Formula 2 nayo ilifanya hivyo kwa 19 ya Hubert.

NASCAR mambo ni tofauti. Kule namba haistaafishwi rasmi. Inakaa mikononi mwa mwenye timu. Namba 3 ilikuwa ya Richard Childress, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuiendesha kabla ya Earnhardt. Alipofariki Earnhardt, Childress aliliingiza gari lile barabarani na namba mpya, 29, akampa kijana Kevin Harvick. Wiki 3 baada ya kifo, kule Atlanta, Harvick alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.006, akazunguka uwanja akitoa vidole vitatu dirishani. Namba 3 yenyewe ilikaa kabatini kwenye ligi ile kuu hadi 2014, Childress alipomkabidhi mjukuu wake, Austin Dillon. Baadhi ya mashabiki walikasirika. Mwaka 2018 Dillon akashinda Daytona 500 na namba ileile, miaka 20 kamili tangu Earnhardt aishinde kwa mara yake ya kwanza na ya mwisho.

Mimi naelewa pande zote mbili kwa sababu kwetu tuna mila zote mbili. Kuna kiti cha baba ambacho hakikaliwi. Na kuna mtoto anayezaliwa baada ya msiba akapewa jina la babu yake. Bibi humpakata akamwita "mume wangu", na watu wakacheka huku wengine wakifuta machozi. Hakuna anayesema jina limetukanwa. Kinachoamua ni nani anayelitoa, na kama matanga yameshaanuliwa. Childress alingoja miaka 13.

Jina kupewa mahali nako kuna faida na hasara zake. Uwanja wa Misano, Italia, ulipewa jina la Simoncelli. Kwetu huku kanda ya kati mfano uko barabarani kabisa: tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka hapa Dodoma kuelekea Dar es Salaam. Eneo lile likaitwa Wami Sokoine, na Chuo Kikuu cha Kilimo Morogoro kikapewa jina lake mwaka huohuo. Leo kijana anapanda basi, anasema "nishushe Sokoine", na mawazo yake yako kwenye mizigo. Jina limedumu kwa kugeuka kuwa anwani. Sisemi ni vibaya, ila mtu aliyekuwa nyuma ya jina hilo anahitaji wasimulizi, kibao peke yake hakitoshi.

Na wasimulizi ndio tunaowakosa Afrika Mashariki. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Alifariki London mwaka 2013. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hadi 1982, alifariki 2006. Nimewauliza vijana wa gereji tatu hapa mjini. Colin McRae, dereva wa rali wa Uskoti, wanamjua wote, Subaru yake ya bluu iko ukutani. Naye anastahili: alishinda Safari 1997, 1999 na 2002, na baada ya kufa kwa ajali ya helikopta mwaka 2007 wapenzi wake walikusanya zaidi ya Subaru elfu moja huko Uingereza na kuzipanga zikaandika jina lake likasomeka kutoka angani. Lakini Joginder alijulikana kwa mmoja tu kati ya vijana hao, aliyesimuliwa na baba yake. Naliandika hili kwa uchungu.

Heshima iliyo kwenye bolti na mikanda

Nimeiacha kwa mwisho aina ya kuenzi isiyoonekana kwenye picha, ambayo naamini ndiyo nzito kuliko zote.

Chukua kifo cha Earnhardt. Gari halikupondeka vya kutisha. Waliotazama walidhani atatoka akitembea. Kilichotokea ni hiki: mkanda hushika mwili kwenye kiti, lakini kichwa hakijafungwa na chochote. Gari linaposimama ghafla kwenye ukuta, mwili unabaki na kichwa, pamoja na uzito wa kofia ngumu, kinaendelea mbele. Mfupa wa chini ya fuvu, pale kichwa kinapokutana na shingo, unavunjika. Jeraha hilohilo lilikuwa limeshaua madereva wengine wa NASCAR mwaka 2000, akiwamo Adam Petty, kijana wa miaka 19 kutoka ukoo wa vizazi vinne vya madereva. Familia yake baadaye ilijenga kambi ya watoto wagonjwa kwa kumbukumbu yake, iliyofunguliwa mwaka 2004.

Dawa ilikuwapo tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 profesa Robert Hubbard wa Marekani, kwa kushirikiana na shemeji yake dereva Jim Downing, alibuni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba mbili fupi zilizofungwa kwenye kofia. Kichwa kinaposukumwa mbele, kamba zinakidaka. Kinaitwa HANS. Downing alianza kulifikiria jambo hilo baada ya rafiki yake, dereva Patrick Jacquemart, kufariki mwaka 1981. Madereva wengi walikidharau. Kinabana, kinakera, na Earnhardt mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasiokitaka. Oktoba 2001, miezi 8 baada ya kifo chake, NASCAR ikalazimisha kila dereva wa ligi kuu avae kinga ya kichwa na shingo. Tangu Daytona ile hakuna dereva aliyekufa kwenye mbio za ligi hiyo.

Imola nayo ilizaa. Palepale Monaco, wiki ile ya nafasi mbili tupu, madereva walifufua chama chao ili wawe na sauti kuhusu usalama. Kona ya Tamburello ilivunjwa na kujengwa upya kwa mwendo mdogo. Ikapita miaka 20 kabla ya ajali ya mbio za Formula 1 kuua dereva mwingine, na huyo ndiye Bianchi, aliyeteleza kwenye mvua akaingia chini ya winchi lililokuwa linaondoa gari lingine. Mwaka uliofuata ikaja kanuni inayolazimisha magari yote kupunguza mwendo kwa pamoja watu wanapofanya kazi kando ya barabara.

Kuhusu Bianchi kuna jambo husemwa kimakosa. Wengi huamini kwamba halo, ule upinde wa titani unaokaa juu ya kichwa cha dereva tangu 2018, ulibuniwa kwa sababu yake, na kwamba ungemwokoa. Wachunguzi walisema usingemwokoa. Mshtuko wa mwili wake ulikuwa mkubwa mno. Upinde ulisukumwa zaidi na vifo vya waliopigwa na vitu kichwani, kama Henry Surtees mwaka 2009, aliyepigwa na gurudumu, na Justin Wilson mwaka 2015, aliyepigwa na kipande cha gari lililoanguka mbele yake. Nalisema kwa sababu kumuenzi mtu kwa hadithi isiyo kweli ni kumpunguzia.

Lakini sikiliza kilichofuata. Bianchi alikuwa baba wa ubatizo wa kijana mmoja wa Monaco, Charles Leclerc. Agosti 2018, mwaka wa kwanza wa ule upinde, pale Spa, gari la Fernando Alonso liliruka juu ya gari la Leclerc na kuacha alama nyeusi ya gurudumu kwenye upinde, sentimita chache kutoka kwenye kofia yake. Leclerc akatoka akitembea. Mwaka mmoja baadaye, palepale Spa, ndiye aliyeshinda ile siku ya makofi ya mzunguko wa 19. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa Formula 1, na alimpa Hubert, aliyekua naye tangu magari madogo ya watoto. Hakusherehekea. Alinyosha kidole juu tu.

Nilimaliza kumsimulia fundi hayo jua likiwa linazama nyuma ya milima, upepo wa Dodoma umeanza kupeperusha mifuko mitupu ya saruji. Akaniuliza kofia ngumu mbili za bodaboda zinauzwaje siku hizi. Nikamwambia bei niliyoisikia. Akasema fedha za rambirambi zilizobaki kule kijiweni zinafika, na kwamba atakwenda kuzungumza na mwenyekiti wao.

Nafasi ya tatu kutoka kwenye shina bado iko wazi. Juzi kijana mgeni, ambaye hajui, aliisogezea pikipiki yake mchana jua likiwa kali, kivuli kimefika palepale. Mzee mmoja akamgonga begani taratibu, akamwonyesha ya nne. Kijana akasukuma pikipiki bila kuuliza.